Jibu la Mtu wa Tanga

Asubuhi hiyo mashine ya kupumulia ya Bi Shemsa ilijisasisha yenyewe, kisha ikaanza kusuasua, taa nyekundu ikiwaka. Fundi wa kuita hakuna. Mfumo ni wa bure, kila nyumba inao, na msaada uko Jukwaani tu, kule mtandaoni watumiaji wanakojibizana. Na Jukwaa lina sharti moja lisilo na huruma: mjibu mwenzako kwanza, ndipo swali lako lifunguliwe.

Tunu, mkwewe, aliandika shida yake. Akaletewa swali la mtu wa Sumbawanga: "Mashine ya baba inasuasua, taa nyekundu inawaka. Nifanyeje?"

Ndiyo hiyo hiyo taa. Hakujua lolote.

"Vipi, mwanangu?" Bi Shemsa alihema.

"Tulia mama, wanajibu sasa hivi."

Akabahatisha: chomoa waya, hesabu mpaka ishirini, uchomeke tena. Akatuma.

Jibu la swali lake lilifika papo hapo kutoka Kilwa, akalisoma kwa sauti kwa pupa: "Chomoa waya, hesabu mpaka ishirini, uchomeke tena. Mimi sijajaribu, ila nimeona mtu wa Tanga akimjibu mwenzake hivyo."

Mtu wa Tanga alikuwa yeye.

Alipogeuka, Bi Shemsa alikuwa ameshachomoa waya, anatabasamu. "Moja," alihesabu. "Mbili."