Mwisho Kilo Tano

"Mwisho kilo tano," daktari alisema, macho yakiwa kwenye picha ya uti wa mgongo. "Ukizidisha, safari ijayo utaletwa hapa umebebwa."

Mgonjwa wake, ambaye mtaani walimwita Taratibu kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, alikaa kwenye ncha ya kiti amepinda kama ndoano. Aliuliza kama kilo tano ni pamoja na mfuko.

"Pamoja na mfuko. Kwani unafanya kazi gani, mzee wangu?"

"Ya betri. Betri za magari. Nazitoa kwenye gari, nazipeleka dukani. Huu mwaka wa ishirini na mbili."

"Na moja ina uzito gani?"

"Ya gari dogo, kilo kumi na nne. Za malori niliachana nazo zamani."

Daktari alitikisa kichwa. Akaandika dawa, akaandika mazoezi, akaandika "atafute kazi nyingine" na kuipigia mstari.

Kuandika ni rahisi; mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Taratibu hakujua kazi nyingine. Nyumbani alikuwa na mke na mabinti wawili wanaosoma, na wote walikuwa wakiishi kwa betri. Aliogopa, tena aliogopa kweli. Kufa hakukumsumbua sana. Kilichomtisha ni kulala kitandani akilishwa uji kwa kijiko na watu aliozoea kuwalisha yeye.

"Achana nayo, baba watoto," mkewe alimwambia huku akimkanda kiuno kwa maji ya moto. "Kaka anatafuta mlinzi wa ghala. Kazi yenyewe ya kukaa tu."

"Mimi niwe mlinzi?" Taratibu alicheka mpaka mgongo ukakaza, ikabidi asaidiwe kugeuka.

Siku aliyorudi kliniki, alimkuta daktari amechelewa na jasho linamtiririka. Kigari chake kilikuwa kimegoma tena kupanda kilima cha hospitali.

"Jana nilimpakia mama mkwe," daktari alisema akijifuta uso. "Akaona tunakawia, akashuka. Alifika juu kabla yangu."

"Gari lako ni zito, daktari."

"Lile? Lile upepo ukivuma nalishika."

"Ni zito kwa injini yake. Toa tairi la akiba, toa jeki, toa na ile redio isiyoimba. Halafu njoo kwenye betri. Siku hizi kuna za lithiamu, hazifiki kilo nne. Hapo peke yake umeshapunguza kilo kumi. Haba na haba hujaza kibaba."

"Na bei yake?"

"Bei inauma," Taratibu alikiri. "Ila wengi hununua mara moja tu."

Alieleza kwa robo saa nzima, akataja ukubwa, akataja vichwa vya betri na namna ya kuichaji isiharibike. Foleni ilinung'unika nje ya mlango. Daktari alinakili kila kitu kwenye karatasi ya dawa, kwa mwandiko ambao safari hii ulisomeka.

Wiki tatu baadaye, Taratibu aliingia akakuta kitu cheusi kimekaa juu ya mzani wa watoto wachanga. Ilikuwa betri mpya, bado haijafungwa kwenye gari.

"Kilo tatu na gramu mia nane," daktari alisema. "Angekuwa mtoto, ningemruhusu aende nyumbani."

"Naomba niibebe."

"Ruksa. Iko ndani ya masharti."

Taratibu aliiinua kwa mkono mmoja, akafumba macho, akasubiri maumivu. Hayakuja. Akaenda nayo mpaka dirishani, akarudi, akaenda tena. Machozi yakamlenga kwa furaha, akajifanya anapenga kamasi. Daktari naye aliguswa. Katika utumishi wake wote hakuwa amekutana na mtu anayeipenda kazi yake namna ile.

"Mwambie fundi asikaze nati sana," Taratibu alisema akiirudisha mzanini kwa mikono miwili, kwa heshima. "Plastiki yake ni laini, itapasuka."

Mwezi uliofuata aliingia akitembea wima. Daktari alimkagua, akambonyeza kiuno, akamwinamisha na kumwinua, akaridhika.

"Gari je?" Taratibu aliuliza akifunga vifungo vya shati.

"Linapanda kama mbuzi. Nimewahubiria wenzangu mpaka wameokoka. Hapo chini kuna magari saba yenye betri kama yangu."

"Saba," Taratibu alirudia.

"Na wewe? Bado uko kwenye kazi ileile?"

"Bado, daktari. Ila sasa nabeba nyepesi tu, kama ulivyoagiza."

"Hapo umefanya la maana. Wengi nawaambia, hawasikii."

"Leo unatoka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili, nikiwa na bahati. Si unaiona foleni ile?"

"Pole na kazi," Taratibu alisema, na alimwonea huruma kwa dhati.

Akateremka ngazi bila kushika ukuta. Kwenye maegesho alivaa ovaroli yake, akasalimiana na mlinzi, akamuuliza habari za nyumbani, akafungua boneti ya gari la daktari. Akaitoa betri, akaipeleka dukani, kisha akarudi kuchukua ya gari la pili, maana mbili kwa mpigo zingezidi kilo tano.