Dharau ya Siku Nne

Siku nne nzima runinga ya michezo haikuwa na habari nyingine: golikipa kampa kocha kifundo cha mkono badala ya kiganja. Wachambuzi wakaiita dharau, klabu ikatishia kuvunja mkataba wa golikipa huyo.

Siku ya tano mtangazaji na kamera yake wakamfuata baba wa golikipa, Mzee Lameki, kwenye majaruba ya mpunga huko Bahi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Mzee akachomoa viganja matopeni, akamnyooshea kifundo. Mtangazaji akakishika, akakitikisa kwa adabu.

"Mzee, kwa nini kijana wako alimdharau kocha?"

"Uwanja ulikuwa tope tupu siku ile. Na mimi je, nimekudharau?"

Mtangazaji akatazama kiganja chake. Kilikuwa safi.

"Usizime kamera," mzee akasema. "Na hii irudieni siku nne."