Matofali ya Kitanda

Mawingu yalipoanza kujikusanya juu ya mji, Bi Siwatu alikuwa hakaliki. Mara yuko uani, mara yuko chumbani akikitazama kitanda chao, ambacho kila masika hukipandisha juu ya matofali ili maji yasikifikie.

"Kishushe basi," alisema mumewe, Mzee Kibwana. "Serikali imeipa halmashauri fedha, mtaro umefika hadi mlangoni kwetu. Bado wataka nilale juu kama kuku?"

"Umefika kwetu. Na kwa Mwanahawa je?"

Mzee akakohoa. Fedha ziliishia pale kwao, na mtaro ukaishia papo hapo. Nyumba ya Mwanahawa, shoga wa Bi Siwatu, iliyo chini kidogo, iliambiwa isubiri fungu la mwakani.

Mvua ikashuka. Maji yaliyozoea kuingia kwao yakapita mtaroni mbio, kama yameitwa. Sakafu ikabaki kavu. Mara ikasikika sauti ng'ambo ya ua.

"Siwatu wee! Mwaka huu yanakuja na miguu!"

Mwanahawa alikuwa akicheka, lakini kicheko chenyewe kilitetemeka.

Bi Siwatu akatia bega chini ya kitanda, akakiinua upande mmoja.

"Mume wangu, vuta matofali."

"Kwenye mvua hii?"

"Vuta, nimesema!"

Akayapanga kwenye beseni, akajitwika, akatoka. Kando yake maji yalikimbia sambamba naye, yakielekea mlango uleule wa Mwanahawa.