Vazi la Mwezini

Zipu ya vazi la mwezini iligoma kwenye kitambi cha mwalimu. Ukumbini, sherehe ya safari za binadamu angani ilikuwa ikimsubiri yeye tu apande jukwaani.

"Mama Cherehani, hili umempimia nani?"

Fundi akainamisha kichwa. Kila aliposhona mkono au goti, alilijaribu mwilini mwake mwenyewe.

"Basi vaa wewe."

"Kwa magoti yangu haya yanayouma?"

Akalivaa; lilimkaa kama ngozi. Akapanda jukwaani, akanyanyua mguu polepole, akautua taratibu, kisha mwingine, kama aendavyo sokoni kila siku.

Watu ukumbini wakanyoosha shingo kumtazama.

"Huyu mwezini alishafika," akanong'ona mtu wa mstari wa mbele.

Makofi yakalipuka. Mwalimu akamnyooshea mkono amshushe.

"Niache kwanza, mwanangu," fundi akasema, akinyanyua mguu tena. "Huku magoti hayaumi."