Makumbusho Ndani ya Kiberiti

Siku ya Ijumaa, kwa heshima na taadhima, Makumbusho ya Miamba ya Dunia yalifunguliwa rasmi mbele ya wageni mashuhuri. Makumbusho yenyewe yalikuwa kiboksi cha kiberiti. Wageni mashuhuri walikuwa watoto wa gredi ya tatu, na mmoja wao alikuwa anakula kifutio.

Kanini wa gredi ya nane alisimama wima kama askofu. Hakuthubutu kutabasamu. Alikuwa ameonywa: mzaha mmoja zaidi, na babake, Mchungaji Kilonzo, angeitwa kutoka Kyuso aje amchukue yeye na sanduku lake. Tayari alikuwa anatumikia adhabu ya kuosha vyombo vya walimu.

Aliyemwonya, Mwalimu Nthiwa, naibu wa mwalimu mkuu na mpenzi wa chai yenye sukari nyingi, alikaa nyuma akijifunika mdomo kwa leso. Tangu chakula cha mchana cha Jumatano, githeri ya mahindi na maharagwe, alikuwa haiondoi. Vumbi, alisema.

"Hili jeusi," Kanini alianza, akiinua kijiwe kidogo kama haragwe, "zamani lilikuwa uji. Uji wa moto, chini kabisa ya ardhi. Siku moja ardhi ikautapika kule Kibwezi, ukapoa, ukawa jiwe. Hivi vitundu ni mapovu ya hewa."

"Aaa!" wakasema wageni mashuhuri.

"Hili la pili lilikuwa mchanga wa mtoni. Mafuriko yakaleta mchanga, mengine yakaleta mwingine juu yake, miaka na miaka, mpaka ule wa chini ukagandamana. Na hili la mistari lilikuwa jiwe la aina nyingine. Likazikwa, likabanwa, likachomwa bila kuyeyuka, likatoka na sura mpya. Kama nyinyi mtakapofika gredi ya nane."

Mwalimu Nthiwa alisahau kukunja uso. "Kanini, hujatoka nje ya lango tangu muhula uanze. Kibwezi ulifika lini?"

"Yalikuja yenyewe, mwalimu," alisema Kanini, akikifunga kiberiti upesi.

"Bado moja!" akalia Najma, msichana mdogo wa mstari wa mbele. "Lile jeupe! Mbona lina shimo?"

"Hilo halijafanyiwa utafiti. Keti chini."

Lakini mwalimu alikuwa keshafika mbele na mkono ameunyoosha. Alilipindua kiganjani, akaligonga kwa kucha. Kisha, kwa kuwa alisoma mahali kwamba wataalamu wa miamba huonja mawe, aliondoa leso na kuligusa kwa ncha ya ulimi. Uso ukamng'aa.

"Marumaru safi!" akatangaza, na neno la mwisho likatokea kwenye pengo la mbele na upepo mwingi kuliko kawaida. "Chokaa iliyopikwa tumboni mwa dunia, watoto! Na shimo hili ni kazi ya maji. Tone baada ya tone, jiwe huliwa polepole mpaka likatoboka." Akalitazama kwa mapenzi. "Ajabu. Ni kama tunajuana."

Kanini akamfungulia kiberiti alirudishe.

"Tunakwenda nalo mjini Wote, kwenye maonyesho ya kaunti," mwalimu akasema. "Mimi na wewe. Na adhabu ya vyombo imeisha leo. Lakini majaji watauliza lilikotoka, na mimi sitaki aibu mbele ya watu. Sema ukweli, Kanini. Ulilipata wapi?"

Kanini akafikiria Wote, jukwaa, na mwalimu akiliramba tena mbele ya majaji. Akamfikiria babake. Kwa mara ya kwanza tangu aingie shule hiyo, alikosa uongo.

"Yote yalitoka kwenye githeri ya Jumatano, mwalimu," alisema kwa sauti ya kuungama. "Hayo mengine yalikuwa kwenye sahani yangu. Hilo jeupe lilikuwa kwenye yako."