Rasi Iliyoandikwa Bahari

Mnajua kugeuza macho, nyinyi. Ripoti ya mafuriko ikitoka mnatazama rangi za ramani, hamwulizi nani hakuhesabiwa.

Gudveig aliuliza. Pale Bergen, Norwe, katika ofisi ya utabiri wa mafuriko alikofanya kazi, saa moja kabla ya kompyuta kuu kuanza kukokotoa tabianchi ya pwani nzima, alikagua gridi mpya ya miraba ya kilomita moja moja. Rasi ya kwao ilikuwa imeandikwa sifuri, yaani bahari. Mtu alichukua ramani ya zamani ya miraba mikubwa, ambamo rasi ile ilimezwa na maji, akaikatakata bila kuipima upya. Na palipoandikwa bahari, hakuna mafuriko yanayokadiriwa.

“Achana nayo, dada,” alisema mkuu wake. “Foleni ya kompyuta tumeingoja miezi minne. Kwani samaki wamelalamika?”

“Samaki mmoja ni mama yangu. Saa hizi anachemsha kahawa hapo.”

Gudveig alipitisha kidole gumba juu ya kioo cha kompyuta, akapangusa vumbi. Sifuri ilibaki palepale. Akaiondoa kazi yote kwenye foleni hadi rasi ipimwe upya.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa, nenda leo ofisini kwa wanaochora ramani za mafuriko, ukatake kuonyeshwa mraba wa kwenu.