Meno ya Shomvi

Mume wangu Shomvi hajui kuchora mdomo uliofungwa. Miaka thelathini anajiita fundi wa mabango, na kila uso anaouchora, wa kinyozi au wa muuza supu, anaupachika meno yale yale aliyoyaiga kwenye boksi la dawa ya meno. Akikosea, hufunika kosa kwa jino jingine. Na watu humsifu!

Siku hizi sura halali ya mtu jijini ni ile iliyo kwenye bango la biashara yake. Usipofanana nayo, mlango haukufungukii, hata wa nyumba yako. Basi mtaa mzima tunatembea tumekenua kama mbuzi walionusa mkojo.

Jumatatu nilikwenda hospitali kumwosha marehemu dada yangu, Somoe. Mlango wa chumba cha maiti ulinikataa kwa sababu nilikuwa nalia. Nikakenua, ukafunguka. Wakati wa kutoka nikakenua tena, mbele ya Somoe.

Nilirudi nikamwambia Shomvi, "Baba Mwanahawa, nifunge mdomo kwenye lile bango la genge langu."

"Hilo tu? Dakika tano."

Alihangaika na brashi mpaka alasiri. Nilipokwenda kutazama, mdomo wangu ulikuwa umefika masikioni, umejaa meno mapya.

Jioni mlango wetu ulinikataa. Nilikenua hadi midomo ikapasuka. Shomvi alikuwa ndani, akanichungulia dirishani.

"Vuta kidogo tu, Mama Mwanahawa," alisema. "Unakaribia."